Mzee, hebu kohoa

Asubuhi ya pili baada ya kupasuliwa tumbo, mzee alikuwa amelala chali, mikono imenyooka ubavuni, kimya kama maji ya mtungini. Karatasi yake ya wodi ilipendeza: maumivu 2 kati ya 10 saa sita usiku, 2 saa tisa, 1 alfajiri. Presha nzuri. Anapumua mara 14 kwa dakika. Nilikuwa mgeni wa kazi, mwezi wangu wa kwanza kwenye zamu ya kuwapitia wagonjwa wenye mirija ya mgongoni ya kupitishia dawa za maumivu, na kalamu ilishaanza kuandika "anaendelea vizuri" pale daktari aliyekuwa akinifundisha aliponiwekea mkono begani. Akamwinamia mgonjwa. "Shikamoo, mzee. Hebu kohoa kidogo."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa aruke dirishani. Akajaribu. Kilichotoka ni mguno wa kooni, kisha machozi mawili yaliyoteremka kuelekea masikioni, maana hata kichwa alikuwa hathubutu kukigeuza.

Zile alama 2 zilikuwa za kweli, ila zilikuwa za mtu asiyejongea. Tangu usiku wa manane alikwisha kugundua kwamba akikaa kama gogo haumii, naye akakaa kama gogo. Kila alipoulizwa "unaumwa?" alijibu kwa uaminifu: kidogo tu. Lakini mapafu ya mtu asiyevuta pumzi ndefu hayafunguki kule chini, makohozi yanatuama, na siku ya tatu au ya nne homa ya mapafu inapiga hodi. Daktari wa upasuaji anaweza kushona kazi safi kabisa, mgonjwa akaja kuharibikiwa kwa sababu ya kikohozi alichokiogopa.

Mfuko wa dawa ulioning'inia kando yake ulikuwa na fentanili, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini, peke yake. Jana yake jioni presha ilishuka, mtu wa zamu akaingiwa na hofu, akaiondoa dawa ya ganzi na kuacha hiyo nyingine. Uamuzi wa kueleweka. Mimi ningefanya vilevile, tena kwa kujiamini zaidi. Miaka imepita, na bado naona wenzangu vijana wakifanya hivyohivyo, ndiyo maana nimekaa kuandika kwa nini tunaweka dawa mbili, na wakati mwingine tatu, ndani ya mrija mmoja mwembamba kuliko utambi wa taa.

Kwanza mrija wenyewe uko wapi. Ukianzia kwenye ngozi ya mgongo ukaingia ndani, unapita mafuta, unapita ligamenti zinazoshikanisha pingili, halafu unakutana na ligamenti ya mwisho, ngumu, yenye rangi ya manjano. Nyuma yake kuna uwazi wa milimita chache tu uliojaa mafuta laini na vena. Hiyo ndiyo nafasi ya epidurali. Ng'ambo yake upo utando mgumu unaozingira maji ya uti wa mgongo na ugwe wenyewe, ule mkia wa ubongo unaoteremka ndani ya pingili. Mizizi ya neva hutoka kwenye ugwe, hutoboa utando, hukatiza ule uwazi na kwenda zake kifuani, tumboni, miguuni. Ukiweka dawa kwenye uwazi huo, umeiweka njiani kwa kila habari inayopanda kutoka kwenye kidonda.

Kuufikia ni kazi ya kidole gumba kuliko ya macho. Sindano ya Tuohy ni nene, ncha yake imepinda na ni butu kidogo, makusudi, isichane utando. Nyuma yake unafunga bomba la sindano lenye maji ya chumvi. Unasogeza milimita kwa milimita huku gumba likisukuma bomba, na bomba linakataa, linakataa, linakataa. Ukiwa ndani ya ile ligamenti ya manjano linakataa kabisa, kama unasukuma ukuta. Halafu ghafla linakubali. Maji yanaingia bila ubishi, mkono unalegea, na wewe unasimama papo hapo, kwa sababu ukizidisha milimita chache unatoboa utando, na mgonjwa atapata maumivu ya kichwa yanayomlaza kitandani kwa siku kadhaa. Nimefanya hili mara nyingi sana maishani mwangu, na mpaka leo gumba langu hushtuka kila linapokubaliwa.

Daktari wa jeshi wa Hispania, Fidel Pagés, aliieleza njia hii ya kiunoni mwaka 1921. Miaka miwili baadaye alikufa katika ajali ya gari, na kazi yake ikasahauliwa karibu yote mpaka wengine walipoianza upya. Aliyeacha mrija ndani, ili dawa iendelee kutolewa bila kuchoma tena, ni Manuel Martínez Curbelo wa Havana, mwaka 1947. Alitumia sindano ya Tuohy na kimrija kilichotengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya hicho kimrija cha kuazima.

Kwa miaka mingi kilichopita mrijani kilikuwa dawa ya ganzi tu. Dawa za ukoo huu, tangu kokeini ambayo Karl Koller aliitia jichoni mwaka 1884 mpaka bupivakaini ya leo, zinafanya jambo moja: zinaziba vijilango vya sodiamu kwenye neva, na neva isiyoweza kupitisha sodiamu haiwezi kupitisha habari. Tatizo ni kwamba neva hazisafiri kila moja kwa njia yake. Nyuzi za maumivu, nyuzi zinazokaza mishipa ya damu ili presha isimame, nyuzi zinazoinua mguu, zote zimo kwenye fungu moja. Nyuzi nyembamba hulala mapema na zile nene za misuli huchelewa, lakini ukiongeza ukali wa dawa, zote zinalala.

Nilimjua mama mmoja aliyepewa bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 8 kila saa, bila mwenza. Maumivu hakuwa nayo hata chembe. Miguu nayo hakuwa nayo. Kila alipoinuliwa akae presha ilianguka, rangi ikamtoka, akarudishwa chali. Tulimwongezea maji ya mshipani hadi vifundo vya miguu vikavimba. "Daktari," aliniuliza, "hii miguu mmenihifadhia wapi?" Nilicheka, lakini usiku ule nilikaa nikapiga hesabu. Mililita 8 za asilimia 0.25 ni miligramu 20 kwa saa, yaani 480 kwa siku nzima, wakati kikomo ambacho kwa kawaida hatupaswi kukivuka ni 400. Bupivakaini ikizidi kwenye damu huanza na ladha ya chuma mdomoni na kelele masikioni, huenda ikaleta degedege, kisha hukamata moyo, na moyo uliokamatwa na bupivakaini ni mgumu kuurudisha. Tungeweza kumwacha na miguu yake, au bila maumivu. Vyote viwili kwa dawa hiyo peke yake havikuwezekana.

Mlango wa pili ulifunguliwa baadaye. Mwaka 1973 watafiti walionyesha kwamba kwenye mfumo wa fahamu kuna vipokezi maalumu vya mofini. Mwaka 1976 Yaksh na Rudy wakaonyesha kwa panya kwamba mofini kidogo ikiwekwa moja kwa moja kwenye ugwe inazima maumivu bila kulaza miguu. Kufikia 1979 zilishatoka taarifa za wagonjwa waliotiwa mofini katika nafasi ya epidurali. Hapa dawa haizibi njia. Inapenya utando na kwenda kwenye pembe ya nyuma ya ugwe, pale neva iliyotoka tumboni inapomkabidhi habari neva ya pili ili aipandishe kwenye ubongo. Mofini inafanya makabidhiano yawe ya uvivu. Mguu unainuka, presha inasimama, na kipimo ni kidogo mno: takriban sehemu moja ya kumi ya kile ambacho ungehitaji kukipitisha kwenye mshipa.

Furaha ya ugunduzi huo ilikuwa kubwa, na naielewa, maana nami niliionja kabla sijaumwa nayo. Mama mwingine, upasuaji wa nyongo kwa njia ya wazi. Saa sita mchana nilimpa miligramu 4 za mofini kupitia mrija, nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mchana kutwa alikuwa akijikuna pua tu, jambo tunalolitarajia. Mofini ya mgongoni huwasha uso kuliko mahali pengine. Saa sita usiku akalalamika maumivu. Daktari wa wodi, ambaye hakuwa na habari za mrija kwa sababu mimi sikuwa nimemwambia mtu, akamchoma pethidini, dawa nyingine ya jamii ya mofini, kwenye msuli. Saa saba na nusu muuguzi alipopita na tochi akamkuta anapumua mara 7 kwa dakika, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya kalamu.

Mofini inapenda maji. Ikishaingia kwenye maji ya uti wa mgongo haina haraka ya kutoka. Inaelea, inapanda taratibu na mkondo, na saa 6 hadi 18 baadaye inaweza kufika kwenye shina la ubongo ambako pumzi hupangwa. Yangu ilikuwa safarini tangu mchana. Pethidini ikaikuta mlangoni. Tulimpa nalokisoni, dawa inayozima kazi ya mofini, mikrogramu 100, tena 100, tena 100, mpaka akafumbua macho na kutuuliza tunamtakia nini usiku huo. Kisha nikakaa kando ya kitanda chake hadi jua lilipochomoza, kwa kuwa nalokisoni huisha nguvu ndani ya saa moja hivi na mofini bado ipo. Muuguzi yule hakunilaumu kwa neno lolote. Alinisogezea kiti tu.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ninayoibandika mpaka leo juu ya kitanda cha kila mgonjwa mwenye mrija: maadamu mgongoni kuna dawa ya jamii ya mofini, hakuna nyingine ya jamii hiyo kupitia mdomo, msuli wala mshipa bila kutuita sisi. Parasetamoli, sawa, na ni vyema apewe kwa saa zake. Mofini ya pili, hapana.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ubaya wa methali hii kwenye kazi yangu ni kwamba inamfanya mtu afikiri tumeleta kidole cha pili ili tubane kwa nguvu zaidi. Tunachanganya ili kila kimoja kibane kidogo. Dawa ya ganzi inapunguza habari zinazofika kwenye ugwe, ile ya pili inafanya makabidhiano ya zilizofika yawe hafifu, na matokeo yao pamoja ni makubwa kuliko ukijumlisha kazi ya kila moja peke yake. Kwa hiyo unaweza kushusha zote mbili hadi kiwango ambacho kila moja ikiwa peke yake ungeiita dhaifu.

Mchanganyiko niliojifunzia ni bupivakaini asilimia 0.1 na fentanili mikrogramu 2 kwa kila mililita. Kuna hospitali siku hizi mifuko inakuja imeshachanganywa kiwandani au kwenye famasia, na ningetamani iwe hivyo kila mahali. Sisi tulichanganya wenyewe. Unachukua mfuko wa mililita 250 wa maji ya chumvi, unatoa 60 na kuzimwaga, unaingiza mililita 50 za bupivakaini ya asilimia 0.5 na mililita 10 za fentanili yenye mikrogramu 50 kwa mililita. Miligramu 250 ndani ya mililita 250. Mikrogramu 500 ndani ya hizohizo. Hesabu ya mtoto wa shule, ila ifanye saa tisa usiku ukiwa umesimama tangu asubuhi, uone inavyogeuka. Tulikuwa tukiifanya wawili, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akiangalia vichupa, na vichupa vitupu havitupwi mpaka mfuko umeandikwa. Na dawa iwe ile isiyotiwa kihifadhi. Kinachovumilika kwenye mshipa si lazima kivumilike karibu na ugwe.

Mfuko huo ukienda mililita 8 kwa saa, mgonjwa anapata miligramu 8 za bupivakaini badala ya 20 alizokuwa akipata yule mama wa miguu, na fentanili mikrogramu 16. Kwa siku ni miligramu 192 na mikrogramu 384. Miguu inabaki yake. Presha inashuka, ndiyo, kwa sababu zile nyuzi za mishipa ya damu ni nyembamba na hulala kwa kiasi kidogo tu cha ganzi, lakini mara nyingi ni mshuko wa kuzungumza nao: unatazama kwanza kama anavuja damu mahali, unampa maji kwa kiasi, unatumia dawa ya kukaza mishipa, unapunguza mwendo wa pampu. Usimwage tu maji mshipani usiku kucha. Utumbo uliotoka kushonwa haupendi kuvimba.

Na kwa nini fentanili, wala si mofini, kwenye mfuko? Fentanili inapenda mafuta. Inaingia upesi, ndani ya dakika 5 hadi 10, inashikwa na tishu za jirani, haielei mbali. Hatari ya pumzi kufifia saa kumi na nne baadaye wakati kila mtu amesinzia inapungua sana. Gharama yake ni kwamba haifanyi kazi isipokuwa pale ilipotolewa, kwa hiyo mrija lazima uwe usawa wa kidonda. Mofini husamehe mrija uliowekwa chini mno. Fentanili na ganzi hafifu havisamehi.

Hili la usawa linaua mirija mingi kuliko kosa lolote la dawa. Neva ya kitovu ni ya kumi ya kifuani. Ya ncha ya kidari ni ya sita. Mkato unaoanzia chini ya kidari hadi kitovuni unataka mrija uingie kati ya pingili ya saba na ya tisa za kifuani. Lakini kuchoma kifuani kunatisha, kiunoni kunazoeleka, basi mtu anachoma kiunoni na kutumaini dawa itapanda. Dawa inalowesha mapaja. Mgonjwa ana miguu mizito na tumbo linalowaka, na lawama inaangukia mchanganyiko. Ndiyo maana tunatembea na kipande cha barafu: unakipitisha ubavuni kuanzia kwapani kushuka, kulia na kushoto, ukiuliza ni wapi baridi inapotea na wapi inarudi. Mara baridi imepotea upande mmoja tu, na kuuvuta mrija nje sentimita moja au mbili kunatosha. Mara haipotei popote, mrija umeshachomoka na dawa inalowesha shuka. Mirija ya kifuani inayoshindwa, ukihesabu sababu zote hizi, hufika karibu theluthi katika baadhi ya taarifa zilizochapishwa. Ni idadi kubwa, na hatuisemi vya kutosha tunapomweleza mgonjwa kabla ya upasuaji.

Kuhusu dawa ya tatu. Mwaka 1998 Niemi na Breivik wa Norway walichapisha jaribio la wagonjwa wenye mrija wa kifuani wenye bupivakaini na fentanili kidogo, pamoja na adrenalini mikrogramu 2 kwa mililita. Adrenalini ilipoondolewa, maumivu ya kukohoa yalipanda, na fentanili kwenye damu ikaongezeka. Yaani adrenalini ilikuwa ikibana vena za pale ili dawa isikimbilie damuni, ikabaki ilipotakiwa, na yenyewe pia inagusa vipokezi vya ugwe vinavyopoza maumivu. Angalia walichopima: maumivu ya kukohoa. Wapo wanaotumia klonidini kwa lengo linalofanana. Inasaidia, ila inashusha presha na kusinziza, na mimi nimeiweka pembeni kwa wagonjwa wa wodi za kawaida.

Kuna faida nyingine ya mchanganyiko hafifu ambayo sikuisoma kwanza, nilifundishwa wodini, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mguu unakuwa shahidi. Baya tunaloliogopa kuliko mengine ni damu kuvilia ndani ya nafasi ya epidurali na kuubana ugwe. Dalili yake ya mapema ni mguu kuwa mzito. Kwa mgonjwa mwenye bupivakaini kali, miguu mizito ni hali ya kila siku. Damu inaweza kuvilia usiku mzima na sote tukasema ni ganzi. Kwa mgonjwa mwenye asilimia 0.1, aliyeinua magoti yote mawili saa mbili usiku, mguu usioinuka saa nne usiku ni king'ora. Unasimamisha pampu. Ukisubiri saa 4 na nguvu haijarudi, ni picha ya MRI usiku huohuo na daktari wa upasuaji wa mgongo aamshwe, kwa kuwa ugwe uliobanwa unapona vizuri ukifunguliwa ndani ya saa 8 hadi 12. Baada ya hapo matumaini hupungua haraka. Kwa hiyo muuguzi anapomwambia mgonjwa "mama, pandisha goti", asidhani anatimiza fomu.

Uwezekano wake ni mdogo. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulihesabu zaidi ya sindano 700,000 za mgongoni za aina zote, na kwa mirija ya epidurali ya upasuaji ulikadiria madhara ya kudumu kuwa kati ya mgonjwa 1 kwa 5,800 na 1 kwa 12,200, kutegemea ukihesabu kesi zenye utata au la. Naitaja kwa wagonjwa wangu hivyohivyo, kwa namba. Wengi hukubali. Wachache hukataa, na siwabembelezi.

Na mrija huu hauokoi maisha kwa namna tuliyowahi kuota. Jaribio lililochapishwa mwaka 2002, lenye wagonjwa zaidi ya 900 wa hatari kubwa, halikuonyesha tofauti ya vifo. Lilionyesha maumivu yakipungua, na idadi ya walioshindwa kupumua ikipungua pia. Kwa utumbo habari ni njema: dawa ya ganzi ya kifuani huuamsha mapema kuliko mofini ya mshipani, ambayo huulaza. Hakuna kitu kinachongojewa kwa hamu wodini kama upepo wa kwanza wa mgonjwa. Nimeshuhudia familia nzima ikishangilia.

Siku hizi naweka mirija michache kuliko zamani. Upasuaji mwingi wa tumbo unafanywa kwa matundu madogo, na huo hauhitaji haya yote. Mofini mikrogramu 100 au 200 kwa sindano moja kwenye maji ya mgongo, au ganzi kati ya tabaka za misuli ya tumbo, vinatosha na mgonjwa anatembea jioni. Kwa mkato mrefu, mtu mwenye mapafu mabovu, upasuaji wa saa nyingi, bado nachukua ile sindano nene. Na huwa nauliza kwanza wodi anayokwenda ina wauguzi wangapi usiku. Mchanganyiko bora kabisa kwenye wodi isiyo na mtu wa kuhesabu pumzi ni hatari, afadhali njia dhaifu zaidi yenye usalama.

Yule mzee. Daktari wangu hakupandisha fentanili, ingawa mimi nilikuwa nimependekeza apandishe. Alipima kwa barafu, mrija ukawa mahali pake, basi akarudisha bupivakaini mfukoni, asilimia 0.1, akaanza na mililita 5 kwa saa, akaandika dawa ya kukaza mishipa iwepo tayari presha ikileta ukorofi. Ikaleta, kidogo, ikatulizwa. Baada ya nusu saa hivi akamkumbatisha mto tumboni na kumwambia tena akohoe. Safari hii kilitoka kitu chenye sauti. Kibaya kusikiliza, kizuri mno.

Siku ya nne nilitumwa kuutoa mrija. Nilikagua saa ya sindano yake ya mwisho ya kuzuia damu kuganda, zilishapita saa 12. Nikamwandikia muuguzi inayofuata isitolewe kabla ya saa 4 kupita. Nilibandua plasta, nikavuta taratibu, ukatoka bila kugoma, nikatazama ncha kama ni nzima. Ilikuwa nzima. Mzee akaomba auone. Nikamwekea kiganjani, utepe ule mwembamba wenye alama za sentimita.

"Ndio huu tu?"

"Ndio huu tu, mzee."

Aliushika kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akanirudishia. Kisha akajivuta kwa mkono mmoja, akageukia upande wa ukutani, akavuta shuka.